Hoteli Isiyo na Pazia

Harufu ya vitunguu vikikaangwa kwenye mawese hainiachi nipite salama. Popote ninapoisikia hunirudisha Ngara mjini, kwenye chumba cha mbele cha nyumba tuliyohamia mwaka nilipotimiza miaka tisa. Kilikuwa kiangazi. Vumbi jekundu lilifunika migomba yote ya kando ya barabara, na asubuhi baridi ilikuwa kali kiasi kwamba tukiongea midomo inatoa moshi. Mama alikuwa anaamka kabla ya majogoo, anawasha majiko mawili ya mkaa, na jua likichomoza kila kitu kiko tayari: chai ya maziwa yenye tangawizi, chapati zinazochambuka zenyewe, supu ya mbuzi, na sufuria kubwa ya ndizi zilizopikwa na maharage. Mimi nilizaliwa Kahama, nikalelewa na watu wanaopenda kula, na sikujua kwamba duniani kuna mahali mtu anaweza kupika namna ile halafu akakosa mlaji.

Baba yangu ni Mhangaza. Aliondoka Ngara akiwa kijana, akafanya kazi Kahama miaka mingi, na huko ndiko alikomwoa mama, binti wa Kisukuma aliyekuwa mpishi wa hoteli moja karibu na stendi. Mwaka ule baba alipata kazi ya ukarani kwa wakala wa forodha mpakani Rusumo, akaturudisha kwao. Mama alikubali kuhama kwa sharti moja tu, apewe chumba cha mbele afungue hoteli yake mwenyewe. Baba naye, ambaye hajawahi kukubali jambo bila kuliwekea lake juu, akasema sawa, ila mvua za kwanza zikinyesha kabla hoteli haijapata watu, chumba kitakuwa ghala la maharage ya bibi na mama atashika jembe. Alilisema akitabasamu, lakini baba ni mtu wa neno lake. Mama hakuwa mvivu wa jembe, alilijua tangu utotoni. Ila aliniambia siku moja, huku akikanda unga, kwamba kuna watu wameumbwa walime na kuna watu wameumbwa wawalishe wanaolima, na kwamba yeye akinyang'anywa sufuria atakuwa amenyang'anywa jina.

Kwa hiyo aliifungua hoteli yake kwa moyo wote, akaifungua kama walivyozoea kwao. Kwao wanaume hula nje kwenye uwanja wa nyumba, karibu na moto, na mpita njia yeyote huitwa aje anawe mikono, awe wanamjua au hawamjui. Mama akatoa meza zote barazani, pembeni kabisa ya barabara. Akavifunua vyungu ili harufu isambae. Alikuwa na methali yake, kizuri chajiuza, lakini hata hivyo alikisaidia kujiuza kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi Burundi. "Karibuni! Karibuni tule! Baba, wewe mwenye kofia, njoo ule!" Na yule baba mwenye kofia alivua kofia, akasema asante mama, nimeshiba, akaongeza mwendo. Wote walikuwa wameshiba. Walimu, wauza nyanya, mafundi baiskeli, wanaotoka hospitali na wanaokwenda, Ngara nzima ilikuwa imeshiba tangu jana. Wiki ya pili tukawa tunakula wenyewe mchana na jioni, na mimi nilinenepa. Mama alianza kunyamaza.

Kilichomuuma zaidi ni bibi. Mama yake baba alikaa ng'ambo ya bonde, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na kila Jumapili akitoka misa alipitia kwetu. Mama alimpigia goti, "Shikamoo mama," naye akaitika, "Marahaba, mmeamkaje wanangu," kwa upole kabisa. Lakini akikaribishwa meza ya barazani aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa nyoka, akageuza uso upande wa milima. "Nimeshiba, Mama Domi," alisema. Domi ndiye mimi, Domitila. Wote tulijua bibi hali kitu kabla ya misa. Baada ya bibi kuondoka nilimkuta mama jikoni anafuta machozi kwa upindo wa kanga, na hakukuwa na kitunguu. Alisema bibi hapendi mkono wake kwa sababu ni mkono wa Kisukuma. Baba alipoulizwa alisema hapana, mama yake yuko hivyo tu. Baba hakudanganya. Mambo uliyozaliwa nayo huyaoni, ni kama kuta za nyumba yenu.

Mama si mtu wa kulia mara mbili. Kuuliza si ujinga, alisema, ila kuliko kuuliza kwa mdomo atauliza kwa tumbo. Akaamua kila Jumamosi twende kula kwenye hoteli za wenzake, tujue wana nini ambacho sisi hatuna. Jamani, utoto wangu haukupata furaha nyingine ya kufanana na zile Jumamosi! Nilivaa gauni la Krismasi, nikapakwa mafuta mpaka miguu ikang'aa, na kazi yangu duniani ilikuwa kula.

Tulianzia Kabanga, kule mpakani, ambako wabadilisha fedha walikaa kwenye viti vya plastiki na mabasi yalikuwa yanapiga honi bila sababu. Hoteli tuliyoichagua ilikuwa kibanda cha mbao chenye pazia la kitenge mlangoni na mapazia mengine mawili madirishani. Nje ungedhani hakuna mtu. Tulipoinua kitenge tukakuta watu wamejaa, bega kwa bega, wamenyamaza, wanakula nyama ya mbuzi ya mishikaki ambayo kule huiita brosheti, na ndizi za kuchoma, na pilipili ndogo zinazotoa machozi. Mama alionja, akafumba macho, akaninong'oneza, "Pilipili. Ni pilipili." Mimi nilikuwa nimekaa karibu na dirisha na nilitaka kuona mpaka unafananaje, kwa hiyo nikalishika pazia na kulivuta lote mpaka mwisho. Mwanga ukaingia. Chumba kizima kikaganda. Mwanamume aliyekuwa mbele yangu alifunika mdomo kwa kiganja, mwingine akarudisha mshikaki kwenye sahani, na mama mmoja mnene akainama chini ya meza kana kwamba ameangusha sindano. Mhudumu alikuja mbio akalirudisha pazia, akanitazama kwa huruma, namna wanavyotazamwa watoto ambao hawakufundwa. "Vumbi," mama aliniambia tukiwa njiani kurudi. "Wanaogopa vumbi kwenye chakula. Watu wasafi sana hawa."

Tukarudi na pilipili. Mama akazitia kwenye kila kitu isipokuwa chai, na watu wakaendelea kushiba. Jumamosi iliyofuata tulikwenda Rusumo. Pale madereva wa malori walikula wali na nyama kwenye mabenchi ya nje, wakicheka na kurushiana maneno, na mama akazidi kuchanganyikiwa. Mbona hawa wanakula nje? Hakujiuliza wanatoka wapi. Akadhani ni wali, akapika wali. Jioni moja baba alirudi akatazama angani upande wa Burundi, ambako mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, akasema tu kwamba bibi ameanza kuuliza maharage yake atayaweka wapi. Mama alisugua sufuria moja mpaka nikadhani ataitoboa.

Jumamosi ya tatu tulikwenda mbali, Biharamulo, tukifuata sifa za hoteli ya mama mmoja Msubi. Hata kabla ya kushuka vizuri mama alisikia Kisukuma. Wanaume wanne walikuwa mezani barazani, ng'ombe wao wameuzwa, wanakula ugali na samaki kwa sauti kubwa. "Mwangaluka!" mama akapaza sauti, nao wakaitika kwa pamoja na kumsogezea kiti, na kwa robo saa mama yangu akawa binti tena. Alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Kahama. Lakini mimi niliona kitu. Sahani zilikuwa zinatoka jikoni kwa wingi kuliko sisi tuliokaa pale. Zilikuwa zinakwenda nyuma ya pazia la maua, na zinarudi tupu.

"Mama," nikamwambia, "kuna watu wengi huko ndani."

Mama akamwuliza mwenye hoteli, mwanamke mfupi aliyevaa kilemba cha njano, kwa nini wengine wanajibana ndani wakati barazani kuna upepo mzuri.

"Hapa mbele ni pa ndugu zako," yule mwanamke akajibu. "Wenyeji wangu wako huko nyuma."

"Wanaogopa vumbi?"

Mwanamke akamtazama, akadhani anatania. Alipoona hatanii, akamsogelea karibu kabisa, kama anayemfundisha bibi harusi. "Mama, mtu mzima na heshima zake, kinywa kinatafuna, barabara nzima inamwangalia! Utamwonaje tena kesho? Na wewe umeolewa Ngara? Kule ndiyo usiseme. Mimi mkwe wangu wa Ngara sijawahi kuona meno yake."

Mama aliweka kijiko chini. Nikaona uso wake unapita yote, baba mwenye kofia, walimu, mama mnene aliyeinama chini ya meza, bibi na milima yake. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na machozi yakamtoka. "Domi," alisema, "nimekuwa nawaita watu wazima waje wavue nguo barabarani!" Njia nzima ya kurudi alikuwa akinyamaza kidogo, anakumbuka mtu mwingine aliyemwita, anaanza upya kucheka. Mimi nilifurahi kuliko siku zote, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeona jambo kabla ya mama yangu.

Usiku hatukulala bila kufungua sanduku. Mama alitoa shuka lake la harusi, jeupe, alilolidarizi mwenyewe akiwa msichana, lenye ndege wawili wa bluu wanaotazamana. Asubuhi aliingiza meza zote ndani, akalitundika mlangoni, akafunika vyungu, akafunga mdomo. Ukiwa kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Hakumwita mtu. Jua lilipopanda kidogo, vidole vikashika ukingo wa shuka, na yule baba mwenye kofia akaingia kimya. Alikula ndizi sahani mbili. Mchana walikuja walimu. Siku ya nne benchi halikutosha na mama akaazima la jirani, na mimi nikaacha kunenepa.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumapili. Bibi alikuwa ametoka misa na mvua ikamkuta barabarani mbele ya ndege wawili. Alisimama, akalisoma shuka lile kwa macho kutoka juu hadi chini, akaliinua mwenyewe. Kwa bahati ndani hakukuwa na mtu. Mama alimnawisha mikono kwa jagi na beseni, akamwekea ndizi na maharage yenye mawese, kisha akafanya kitu ambacho hakufundishwa na mtu yeyote, akamgeuzia mgongo. Alinikamata bega na mimi nikageuka. Tukasimama tunatazama ukuta kama walioadhibiwa. Lakini macho hayana pazia. Nilichungulia chini ya kwapa la mama, nikamwona bibi anakula, taratibu, akafuta sahani kwa kipande cha ndizi, halafu akalamba vidole kimoja kimoja, akacheka peke yake. Ndipo tukasikia mlio wa baiskeli. Baba alikuwa amefika na gunia la kwanza la maharage, ameloa chapachapa, akalivuta shuka kwa nguvu ili apitishe mzigo wake.

"Funga!" mama alimfokea bila kugeuka. "Mama anakula!"

Na baba, mtu wa neno lake, alibaki nje kwenye mvua na gunia begani hadi bibi alipomaliza. Maharage yale yalilala chini ya kitanda chetu mwaka mzima.

Sasa Ngara mjini kuna mgahawa wenye ukuta wa kioo kutoka sakafuni hadi juu. Vijana hukaa pale na kahawa yenye povu, hupiga picha chakula chao, na kuku akifika anaonwa kwanza na watu wa Dodoma kabla ya kuliwa na mwenyewe. Siwalaumu, wanacheka vizuri na chakula ni kitamu. Bibi alishatangulia, na hoteli ya mama ilifungwa magoti yake yalipochoka. Mwezi uliopita nilimpeleka pale, nikitaka ajionee, yeye aliyewahi kuuita mji mzima uje kula barabarani. Nikamchagulia meza bora, ya kiooni kabisa. Chipsi na kuku vikaja. Mama akatazama sahani, akatazama watu wanaopita nje, akakunja mikono mapajani.

"Mbona huli, mama?"

"Nimeshiba," akasema, na akageuza uso upande wa milima.

Nilimwangalia binti huyu wa Kahama, nikashindwa nicheke au nilie, nikafanya vyote kidogo. Kisha nikanyanyuka na kiti changu, nikakiweka kati yake na kioo, nikatanua kanga mabegani na kumpa mgongo. Mhudumu, kijana mwenye adabu, alikuja kuuliza kama meza haikutufaa.

"Inatufaa sana," nikamwambia. "Subiri kidogo tu. Mama anakula."