Reli Pana ya Turffontein

Juzi nilipeleka simu yangu kwa fundi pale Yeoville, hapa Johannesburg, kijana wa Kirundi mwenye meza ndogo mlangoni mwa saluni ya kusuka nywele. Alipogusisha risasi ya kuungia waya kwenye ncha ya moto, ukapanda moshi mwembamba wenye harufu ya utomvu ulioungua, ile harufu inayokwaruza koo kidogo kisha ikakaa puani. Wenzangu waliokuwa wakingoja walifunika nyuso. Mimi nilisogea karibu. Fundi akaniangalia kwa wasiwasi, labda akidhani namchunga asinibadilishie vipuri, nami sikuwa na namna ya kumweleza kwamba nilikuwa nimerudi mtaa wetu wa Turffontein, darasa la nne, chumba cha nyuma, na mama yangu ameiinamia Ireland.

Naam, Ireland. Ngojeni nieleze kwanza, ndipo mcheke.

Mama yangu ni Mtaita wa Voi, muuguzi kwa kazi. Nilipokuwa bado mdogo alipata mkataba wa kuhudumia wazee kwenye makao yao katika mji mdogo wa magharibi mwa Ireland. Alituacha Johannesburg mimi na Baba, aliyekuwa akifanya kazi benki na aliyepika ugali mgumu wa kujengea nyumba. Muda ulipita, mwingi mno kwa mtoto, mpaka akarudi kwa likizo ndefu. Siku aliyofungua sanduku lake nilikaa karibu kabisa nikingoja chokoleti na viatu. Vikatoka vipande vya reli vilivyoviringishwa ndani ya soksi, mabehewa yaliyokatika ndoano yamelazwa kati ya sweta, na kichwa kidogo cha treni, cha rangi ya chungwa, kimevishwa kofia ya sufu. Chokoleti ilikuwepo, ila ilikuwa imepondwa na behewa.

Mzee aliyempangisha chumba kule, jina lake Cormac, alikuwa na ugonjwa wa treni ndogo. Jioni za baridi yeye hakuwa na wa kumfundisha na Mama hakuwa na wa kuzungumza naye, basi wakakutana mezani. Akamfundisha kutandika reli taruma kwa taruma, kubandua rangi kuukuu, kufufua mabehewa yaliyotupwa. Mama alirudi kwetu na vidole vyenye alama za kuungua na macho ya mtu aliyepata wokovu.

Majirani zetu wote walikuwa wamepangisha vyumba vyao vya nyuma. Sisi cha kwetu tulimpangishia Ireland, ndivyo Baba alivyopenda kuwaambia wageni. Mama alilaza milango miwili ya zamani juu ya vibao, akaanza kujenga kile kimji na stesheni yake. Vilima vilitokana na magazeti yaliyolowekwa gundi, na vioo vya mabehewa tulivikata kwenye plastiki ngumu za maboksi ya mashati. Kazi ya mabehewa alinipa mimi: kupiga msasa, kupaka chungwa, kungoja ikauke, kupaka ule mkanda mweusi ubavuni bila mkono kutetemeka. Akiona kitu hakiko kama kule, anakivunja. Kuna ua wa vijiti tulioujenga Jumapili nzima, akaung'oa wote kwa sababu ulikuwa mrefu kidogo kuliko wa kweli.

Chumba kile kilikuwa na sheria. Ya kwanza, ukivuka mlango ni Kiswahili tu, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumjibu mama yangu Kiingereza kilichochanganyika na Kizulu cha shuleni. Ya pili, hakuna gurudumu linalogusa reli kabla halijapita kwa askari. Askari alikuwa kipande cha shaba chenye mapengo mawili, kipimo cha nafasi kati ya gurudumu na gurudumu, na makazi yake yalikuwa mfuko wa aproni ya Mama. "Askari akikataa, amekataa," alikuwa akisema, na hata Baba hakubishana.

Mvua za Novemba zilipoanza, kichwa cha treni kilitoa moshi, kikalia kidogo, kikanyamaza. Mama alikifungua, akakinusa, akakirudisha mezani.

"Mota imeungua," alisema. "Si kitu. Nitatafuta nyingine nikirudi."

Nikirudi! Nilijua mkataba wake haujaisha, nilikuwa nimeambiwa, lakini nilikuwa nimelisukuma neno hilo mbali kiasi kwamba sasa lilinipiga kama geni. Na papo hapo kichwani mwangu ikajengeka hoja ambayo sikumwambia mtu. Kama Ireland yote iko hapa, na treni yake inatembea, Mama ataenda kule kutafuta nini? Kilichobaki ni treni kutembea. Basi ingetembea, hata kama ningelazimika kuisukuma kwa meno.

Baba nilimwambia tu kwamba nataka kumshtukiza Mama. Jumamosi Mama alipokwenda mazoezi ya kwaya ya kanisa letu la Wakenya, tuliingia mtaa wa Malvern, tukazunguka maduka ya Jules Street mpaka kwa Papa Dieudonné, Mkongo wa Bukavu aliyeuza redio kuukuu, feni, na midoli iliyokwisha kuchezewa.

"Weye mtoto, unatafuta nini?"

"Kichwa cha treni."

"Treni? Iko! Hapa mambo yote iko." Alipekua boksi, akatoa injini ya buluu iliyochubuka, akaigusisha betri. Magurudumu yakazunguka kwa mlio wa nyuki. "Unaona? Moteur iko muzima kabisa."

Jumamosi zilizofuata, kwaya ikiimba huko, sisi tulifanya kazi. Nilibandua ile buluu yote, nikapiga msasa, nikapaka chungwa, nikapaka mkanda. Baba, mtu wa benki, alipima urefu, akapima kimo, akapima ndoano iko juu kiasi gani, akarudia. Kwa askari hatukupita, kwani askari alikuwa mfukoni mwa Mama na kumwomba kungeharibu siri. "Reli ni reli," Baba alisema, na mimi nilimwamini, maana hata magari yote barabarani yanapita barabara moja.

Siku ya siku tulimfunga Mama macho kwa kanga yake mwenyewe, tukamsimamisha mbele ya stesheni. Nikaishusha injini juu ya reli taratibu, Baba akafungua kanga.

Injini ilizama. Haikuanguka kwa kishindo, ilishuka tu katikati ya reli mbili, ikakaa kwa tumbo juu ya mataruma, kama mtoto aliyevaa suruali ya baba yake.

"Kwani reli imepanuka?" Baba aliuliza.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniona uso, akaacha.

"Mmenunua ya Mwingereza," alisema kwa upole. "Reli za Ireland ni pana kuliko zake. Za kwetu Voi ni nyembamba, za hapa Joburg nyembamba, lakini za kule ni pana. Mzee Cormac afadhali akose chai kuliko kutandika reli ya Mwingereza."

"Basi tupanue magurudumu," nilisema, kamasi zikinitoka.

"Wakesho, hiyo ni kufumua kila kitu. Mimi mwenyewe nimefanya mara moja tu, tena mzee akiwa pembeni. Tutaifanya nikirudi, mama."

"Hapana. Tunafanya sasa. Nionyeshe."

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Baba aliacha kupangusa miwani yake. Mama akavuta kiti, akakalia viganja vyake vyote viwili ili asininyang'anye kazi, akasema, "Haya. Chomoa magurudumu. Polepole."

Nikachomoa. Akanieleza kwamba ekseli, mhimili unaounganisha gurudumu na gurudumu, ni fupi, kwa hiyo tunahitaji nyingine ndefu zaidi, chuma chembamba, kigumu, kilichonyooka. Alikuwa bado anafikiria atakipata wapi mimi nilipokwisha kutoka uani. Baiskeli yangu nyekundu, zawadi ya kuzaliwa, ilikuwa imeegemea tangi la maji. Nilirudi na spoku zake mkononi.

"Eish, baiskeli yako!" Baba alisema.

"Ina nyingi," nikamjibu, ingawa tangu siku hiyo gurudumu la mbele lilitembea likikata viuno.

Shule zikafungwa, na likizo yangu yote ikaishia chumbani mle. Nilikata spoku, nikasugua ncha kwa tupa, nikapachika magurudumu, nikampelekea askari. Askari akakataa. Nikachomoa, nikaanza upya. Safari nyingine askari alikubali lakini gurudumu lilikaa mshazari, likawa linayumba kama mlevi, Mama akatikisa kichwa. Nikachomoa tena. Nilijikata kidole, nikafunga kitambaa, nikaendelea. Ilibidi hata mbavu za injini zikatwe na kusogezwa nje kwa vipande vya plastiki, na waya zilizokatika niliziunga kwa risasi mwenyewe, machozi ya moshi yakinitiririka. Vipaza sauti vya uwanja wa mbio za farasi vilipiga kelele mtaa wa pili, watoto wenzangu waliniita getini, sikutoka. Mama alidhani nimeipenda kazi. Kweli niliipenda, lakini si hiyo iliyokuwa ikinikalisha pale.

Injini ilisimama juu ya reli mchana mmoja wa radi, sanduku la Mama likiwa limeshafungwa, limewekwa sebuleni karibu na mlango. Nilipita kando yake bila kuliangalia. Nikaunganisha mabehewa, nikafungua umeme kidogo kidogo. Treni ikavuta pumzi, ikaondoka mjini, ikazunguka kilima cha magazeti, ikapita kona mbaya ambayo hata Mama alikuwa akiiogopa, ikaingia stesheni na kusimama sawasawa. Baba akatangaza kwa sauti ya mkuu wa stesheni kwamba abiria wote wateremke na wasisahau mizigo yao.

Nikamgeukia Mama. "Sasa Ireland yote iko hapa. Na inatembea. Huna haja ya kwenda."

Ndipo alipoelewa nilikuwa nikijenga nini. Baba alitazama mvua. Mama akapiga magoti kando yangu, machozi yanamtoka wazi, hakuyaficha.

"Wakesho, lazima niende. Nilikuletea hii ili nikiwa huko ujue niko wapi." Akanionyesha nyumba nyeupe iliyosimama kando ya jukwaa la stesheni, yenye dirisha moja lililoelekea reli, na ndani yake taa ndogo ya manjano. "Hapa ndipo ninapolala. Kila asubuhi kabla ya shule pitisha treni. Mimi nitakuwa dirishani, nitakuona."

Nilimchukia siku hiyo. Kule uwanja wa ndege sikumpungia mkono, na nyumbani nilijifungia. Lakini asubuhi iliyofuata, na sare ya shule tayari mwilini, nilikwenda nyuma nikapitisha treni mbele ya lile dirisha. Nikafanya hivyo asubuhi zote. Iliharibika mara nyingi, nami nikaifungua na kuitengeneza mwenyewe, Baba akinishikia tochi na kusubiri maagizo. Mama akipiga simu, swali langu la kwanza lilikuwa moja.

"Uliniona?"

"Nilikuona. Leo ulipita mbio sana, ulichelewa shule?"

Na kweli nilikuwa nimechelewa. Hadi mkataba ulipokwisha na akarudi moja kwa moja, sikuwahi kuwa na shaka hata kidogo.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Ireland, nikaiba siku moja nikapanda treni hadi mji ule. Mzee Cormac hayupo tena, lakini binti yake alinipokea. Stesheni niliitambua kabla ya treni kusimama. Taa, benchi, ua, kimo cha jukwaa, vyote vilikuwa kama mikono yetu ilivyovitengeneza, nikatembea mle nikijua kila kona iko wapi. Kisha nikaitafuta nyumba nyeupe. Ilikuwa mahali pake. Upande wa reli ulikuwa ukuta mtupu wa mawe, toka chini mpaka paa, wala hapakuwa na alama kwamba paliwahi kuzibwa tundu. Binti wa mzee akanionyesha chumba cha Mama. Kidirisha chake kiko nyuma, kinaangalia mapipa ya taka na ukuta wa jirani.

Nilikaa kwenye kitanda kile. Utotoni nilifikiri mimi ndiye niliyeachwa peke yangu, na Mama yuko dirishani ananitazama. Kumbe kila asubuhi Mama aliamka akakutana na ukuta, akavaa sare yake akaenda kuosha wazee wa watu, na mtoto alipomuuliza swali lake, akatafuta cha kujibu kutoka kwenye saa na sauti yangu. Nililia pale kuliko nilivyolia nikiwa darasa la nne.

Nikampigia. Alikuwa Turffontein, nasikia sufuria zikigongana nyuma yake.

"Mama, huku hakuna dirisha."

"Najua."

"Wewe uliyeng'oa ua mzima kwa sababu ya urefu wa vijiti!"

"Sasa, Wakesho," akasema, "ungenitazamia wapi?"