Mbuzi Aliyenukia Iliki

Weka kikombe chako chini kidogo, ndugu yangu, unisikilize. Kila ninapofungua kopo la iliki, harufu yake hainipeleki kwenye chai wala pilau. Hunirudisha uani kwetu Kariakoo, miaka ya hamsini, jua la asubuhi likipenya kwenye ua wa makuti, na Tabu, mbuzi wa Bibi, akimlamba mtoto wake aliyezaliwa punde.

Tulikuwa na desturi yetu. Mbuzi akizaa, Bibi alikamua kwanza maziwa yote ya mwanzo, yale ya manjano, mazito kama uji, yanayoitwa dang'a. Mimi niliyapeleka kwa Mama Zarina, mke wa mwenye duka mtaa wa pili. Yeye aliyatia iliki na sukari, akayapika kwa mvuke mpaka yakaganda, kisha akaturudishia nusu. Sijapata kula kitu kitamu kama kile. Mtoto wa mbuzi alilambishwa maji ya sukari kwa kidole, asubiri maziwa yawe meupe, kwa sababu Bibi aliamini yale mazito yangemziba tumbo. Matumbo yetu sisi hayakuzibwa na kitu.

Mwaka uliotangulia, mtoto wa Tabu alikufa siku ya nne. Bibi alisema ni jicho la watu. Safari hii aliniahidi kwamba atakayezaliwa ni wangu, nami nilikuwa na miaka minane. Nilikwenda dukani na bakuli la dang'a kama anayetembea usingizini, nikimtafutia mbuzi wangu jina.

Niliporudi, nilimkuta mtoto wa Tabu amelala ubavu, shingo imelegea, mdomo wa baridi. Kando yake alichuchumaa Mama Aikande, mpangaji wetu kijana kutoka Kilimanjaro, ambako alikulia nyumba moja na mbuzi na ng'ombe.

"Bibi, huyu ameshanyonya?"

"Atanyonya kesho. Mwezi wa pili tu unapanga kwangu, umeshaanza kunifundisha mbuzi?"

Mama Aikande alicheka kwa adabu, lakini hakuinuka. "Kesho nifukuze, Bibi. Leo nipe yale ya manjano. Kwetu mtoto huyanywa hata kabla hajakauka."

Bibi aliziminya chuchu za Tabu. Hazikutoa kitu. Alimtazama mbuzi, akanitazama mimi, kisha akaninyooshea kidevu mlangoni.

Nilikimbia. Mpaka leo naikumbuka njia ile kama ndoto: magunia ya nazi, wauza ndizi, miguu yangu isiyosonga. Mama Zarina alikuwa ameshatia iliki na ameshika kijiko cha sukari. Nilimweleza huku nahema. Alikirudisha kijiko koponi, akayachuja maziwa kwa kitambaa safi, akanifunikia bakuli.

Mama Aikande aliyapasha moto kidogo, akachovya kitambaa, akamwekea mbuzi mdomoni. Tone. Tone jingine. Muda ulipita, ua mzima ukinukia iliki, ndipo ulimi mdogo ukaanza kuvuta. Adhuhuri alisimama, akayumba, akaanguka, akasimama tena. Nilimwita Iliki. Siku ya nne ilipofika, Bibi aliamka mapema kumtazama, kisha akampelekea Mama Aikande kikombe cha chai chumbani kwake.

Nilishakuwa mtu mzima nilipoelewa vizuri. Mtoto wa mbuzi huzaliwa bila kinga. Kinga yake imo katika maziwa yale ya kwanza, na tumbo lake huweza kuipokea kwa saa chache tu. Baadaye mlango ule hufungwa. Ndipo nilipomkumbuka yule wa mwaka uliotangulia, ambaye sikumpa hata jina. Hakuna jicho lililomwua. Mimi nilikula bakuli zima, nikalamba na kijiko.

Basi, mbuzi wako akizaa, safisha chuchu, msogeze mtoto, umshikilie anyonye ndani ya saa ile ile. Bakuli lako liache kabatini mpaka ashibe.