Kampuni ya Maksai Wawili

Nakumbuka siku moja nilisikia ekseli kavu ikilia barabarani, nikajua kabla ya kuona kwamba mkokoteni umerudi mapema. Ilikuwa miaka ya tisini, tunaishi Makanyagio. Mume wangu Kalela alikuwa akibeba mpunga wa watu hadi stesheni pamoja na Masanja, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake. Mkokoteni ulikuwa wa Kalela, maksai wa Masanja. Ubavuni waliandika kwa rangi nyekundu: KAMPUNI.

Masanja alianza kufungua nira.

"Baki na mkokoteni wako, Kalela. Mimi na ng'ombe wangu tunaondoka."

"Kwani nimekudhulumu?"

"Hujanidhulumu. Ila kila mchana sahani yangu inaletwa nje, kama ya kibarua."

Ni kweli, mwanangu, na mpelekaji nilikuwa mimi. Kalela aliona ni heshima, mgeni asisumbuliwe na watoto.

Mwalimu Sabasi, jirani yetu mstaafu, alikuwa amekaa ndani kwetu. Akacheka.

"Nyie, hilo neno kampuni mmeliandika bila kuliuliza linatoka wapi. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na mzizi wake ni Kilatini: pamoja, na mkate. Walikuwa watu wanaokula mkate pamoja. Wakaitwa hivyo askari wa kikosi kimoja, hata mgeni anayekuondolea upweke. Biashara ilikuja baadaye. Nyie mmeanza nayo."

"Sisi hatuli mkate, Mwalimu," Kalela alisema.

"Haya, ugali. Unaliwa wapi?"

Nikapakua ugali wote kwenye sinia moja, nikaliweka mkekani.

"Shemeji, pita ndani," nilimwambia Masanja.

Masanja alisimama mlangoni, nira mkononi. Watoto wakasogea. Akaiegemeza nira ukutani, akanawa.

Mwanangu, nasikia unafungua kampuni na wenzako. Mgao mtaandikiana, sawa. Lakini usimpelekee mwenzako sahani nje ukaiita heshima. Muulize anapenda kukaa wapi, kisha msogelee. Mungu akupe watu wa kula nao, na chakula kiwatoshe.

Siku ile nilimkaribisha Mwalimu pia. Akachukua kofia yake.

"Mimi si wa kampuni hii," alisema, akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake taratibu.