Mkono Nilioufunga

Mkono wa kushoto wa Scolastika niliufunga mimi mama yake, kwa kipande cha kanga, kule Mhunze, akiwa na miaka minne. Samaki mkunje angali mbichi, nilisema. Nani angemtaka binti anayewanawisha wakwe kwa kushoto? Alilia wiki nzima. Sikumfungua, kichwa changu kigumu, kila mtu anajua.

Akakua na mkono wa kulia usiomsikia. Vikombe vikavunjika, mwandiko ukapinda. Nikamwita goigoi mbele za watu, Mungu anisamehe.

Sasa tunaosha dhahabu pamoja Nyarugusu. Mume alishaondoka, watoto wawili wanamtegemea yeye. Karai ndilo shamba lake. Lakini akilizungusha kwa kulia, dhahabu inatoka na matope. Juzi Maduhu, mwenye mawe ya dhahabu tunayomwoshea, akamwambia, "Mama Nelly, leo ndiyo mwisho. Mikono yako mizito."

Mdogo wangu Gelasius, mwalimu wa Kiingereza Ushirombo, alikuwa amekuja kutusalimia. Akacheka kidogo. "Hata Waingereza wana neno lao, gauche. Ni mtu anayeborongaboronga mbele za watu. Wamelitoa kwa Wafaransa, na huko maana yake ni kushoto tu."

"Basi mjomba, kushoto kwangu kunatukanwa mpaka Ulaya," Scolastika akasema, "na hakujawahi kupewa kazi hata siku moja."

Akamgeukia Maduhu. "Mzee, yale matope niliyoyaosha asubuhi, nipe niyarudie. Nikikosa, naondoka mwenyewe."

Akatanguliza mkono wa kushoto, akalizungusha karai upande wake. Wanawake wakaguna, wapo wanaosema kushoto hufukuza dhahabu. Mimi niliangalia chini kwa aibu, maana kama angefukuzwa, aliyemfukuza ni mimi. Nilipoinua macho, mstari wa njano ulikuwa umelala ndani ya karai, mnene kuliko wa asubuhi.

Maduhu akaugusa kwa kidole. "Kesho saa moja, usichelewe," akasema, akaenda zake.

Mchana Scolastika akapakua ugali na dagaa. Akaninyooshea sahani kwa mkono wa kulia, kama nilivyomfundisha, ikayumba, mchuzi ukanimwagikia gauni. Akaganda, akisubiri matusi yangu.

"Badilisha mkono, mwanangu," nikamwambia.