Mahali pa Fundi Friji

Mume wangu hajui kucheza, hajui kuimba, na akijaribu kupiga mluzi utadhani birika limechemka jikoni. Lakini kila mwaka tamasha la muziki la mjini likikaribia, mzee huyu mwenye mvi anakuwa kama mtoto aliyeahidiwa nguo mpya. Ijumaa mchana anafunga karakana yake ya friji. Anafua koti lake la kazi la buluu, lile lenye picha ya friji mgongoni, analipiga pasi mwenyewe, na Jumamosi ananiaga kana kwamba anasafiri. Mimi nashona mapazia, na kelele nilizo nazo za cherehani zinanitosha. Namwambia, "Haya mzee, kawasikilize watoto wa wenzio." Anacheka, anakwenda zake.

Tamasha lenyewe halifanyiki uwanja mmoja. Limetawanyika mji mzima: bendi hii inapiga kwenye baa, ile kwenye chumba cha nyuma cha duka la vitabu, nyingine ndani ya sinema ya zamani. Ukishavaa utepe wa mkononi unaingia popote. Shida ni kwamba bendi kadhaa zinapiga saa ileile, na mshika mbili moja humponyoka, kwa hiyo watu wanashinda wanakimbizana barabarani kufuata majina wanayoyajua. Mume wangu hafuati jina la mtu. Yeye huwafuata vijana wanaolinda milango na kuwauliza, "Wapi hakuna watu?" Wakimwonyesha, ndiko anakoelekea.

Miaka ya mwanzo nilidhani ni ubahili, anakwepa kusukumana na watu. Siku moja nikamuuliza, naye akanieleza kwa utaratibu, kama anavyomweleza mteja kwa nini friji yake haigandishi.

"Bendi ikiwa haijulikani, watu wakiingia wanajibana ukutani," alisema. "Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusogea. Mbele ya jukwaa panabaki peupe. Sasa yule mtoto anaimba akitazama sakafu. Utaimbia sakafu mpaka lini?"

"Kwa hiyo wewe unakwenda kuwa sakafu."

"Nakwenda kusimama hapo."

Basi ndiyo kazi yake. Anasimama mbele, katikati, kidogo upande wa kushoto, mikono nyuma, hatikisi hata kichwa. Mara nyingine msichana mmoja anapata moyo anasogea, mwenzake anamfuata, pengo linajifunga. Mara nyingine hasogei mtu, naye anabaki peke yake mpaka wimbo wa mwisho uishe. Kuondoka katikati ni mwiko kwake. Anasema huwezi kufungua friji ya mtu ukaiacha nusu.

"Na nyimbo zenyewe zinakupendeza?" nilimuuliza.

"Nyingine mbaya sana," akasema, na uso wake ulikuwa na furaha tele.

Hakuna anayemlipa wala kumshukuru. Vijana wa mji huu walimpa jina tu, Fundi Friji, na kutoka kwenye jina wakazua na msemo wao. Bendi iliyokosa watu wanasema "imepata friji." Ukichungulia mlangoni ukaona koti la buluu limesimama mbele, unajua humo hamna kitu, unageuza. Hayo sikuyajua mimi, wala yeye hakuyajua. Aliyetuletea habari hizo nyumbani ni kitinda mimba wetu.

Huyo binti mchana anafanya kazi kwenye duka la kutoa nakala, na jioni anapiga gitaa la besi na kuimba. Ana bendi na wenzake wawili, wasichana wote, na mazoezi yao yote wameyafanyia karakanani kwa baba yake. Mzee aliwasogezea mizoga ya friji pembeni, akachukua milango mibovu akaipigilia ukutani, lile povu la ndani likazuia sauti isiwasumbue majirani. Walipokuwa wakipiga, yeye alikaa nje kwenye kigoda akifungua mota ya mtu, na nilipompelekea chai sikuwahi kumkuta ameifikisha popote ile mota. Wimbo wao wa kwanza niliusikia mara nyingi mpaka nikawa naushonea mapazia.

Mwaka huu bendi yao ikakubaliwa tamashani. Ukumbi mdogo, juu ya duka la samani, saa kumi alasiri. Nyumba ilijaa vigelegele. Baba yake alizunguka mtaa mzima akiwaambia watu ambao hawakumuuliza.

Halafu, siku chache kabla, tukiwa mezani, binti akaweka kijiko chini.

"Baba, nina ombi. Naomba usije."

"Nisije wapi, mama?" Ndivyo anavyomwita tangu azaliwe.

"Ukumbini kwetu. Tamashani nenda, ila kwetu usije." Akatazama sahani. "Wewe ukisimama mbele, watu wanajua hakuna kitu. Wanachungulia mlangoni wakiona koti lako, wanaondoka. Wanasema mmepata friji. Hii ndiyo mara yetu ya kwanza, Baba. Nataka watu waingie."

Nilitaka kuropoka. Mtu kafungiwa milango ya friji ukutani, kaachiwa karakana, kavumiliwa kelele, leo anamwona baba yake mkosi. Nikasema moja tu, "Asante ya punda," na mzee akaninyamazisha kwa jicho.

"Sawa," alimwambia binti yake. "Ni kazi yako, wewe ndiye unayeijua."

Akainuka, akachukua kikombe chake akaenda kukiosha. Alikiosha muda mrefu sana kwa kikombe kilichonywewa maji.

Usiku chumbani nikamwambia, "Wewe nenda tu. Vaa shati la kawaida, jibanze nyuma, atajuaje?"

"Nikijibanza nyuma nitakuwa mmoja wao wale wa ukutani," alisema. "Nikisimama mbele nitamharibia. Hakuna mahali pangu pale, mke wangu." Akageukia ukuta. Hakulala, na mimi niliyekuwa nikimsikiliza sikulala.

Jumamosi alipiga pasi koti lake kama kawaida. Aliondoka mapema kuliko miaka yote, na hakwenda upande wa duka la samani. Nilimwona kwenye kona akikata njia ya upande wa pili wa mji, mbali, ili miguu isimshinde nguvu.

Mimi nikaacha pazia la mtu kwenye cherehani, nikavaa gauni langu la sherehe, nikachukua mkoba, nikaenda. Mimi sikukatazwa.

Ngazi za duka la samani zinanuka vanishi hata unapaliwa. Juu, watu walikuwepo, si haba. Lakini wote walikuwa wamejibana ukutani, wengine mlangoni mguu mmoja nje, simu mikononi, kama wanasubiri kuitwa na daktari. Na mbele ya jukwaa palikuwa peupe. Nilikuwa nimelisikia lile pengo likisimuliwa miaka yote nikidhani mzee anatia chumvi. Nilipoliona, nilielewa kwa nini mtu aliyeliona mara moja hawezi kuvumilia kuliona tena.

Binti yangu akapanda jukwaani na wenzake. Akaanza wimbo ule wa mapazia. Karakanani anauimba kama anagombana na mtu, lakini pale sauti ilitoka nyembamba, inatetemeka. Macho yake yalikuwa sakafuni. Wimbo ulipoisha, makofi yalikuwa yale ya adabu. Watu kadhaa wakatoka, maana kwenye sinema ya zamani kulikuwa na bendi kubwa saa hiyohiyo. Binti akarekebisha mkanda wa gitaa. Kisha akainua macho, akatazama mbele, katikati, kidogo upande wa kushoto. Akayashusha haraka.

Nilijua anatafuta nini.

Nikaukumbatia mkoba wangu, nikatoka ukutani. Ile sakafu ni ndogo lakini kuivuka mbele za watu ni safari, nawaambieni. Gauni langu la sherehe lilikuwa linapiga kelele peke yake. Nikafika mbele nikasimama, na kwa sababu sikusomea kazi hiyo, nikasimama mbele ya spika kabisa. Besi ya mwanangu ikanipiga kifuani hata meno yakagongana. Aliniona, na nusura acheke katikati ya ubeti. Sauti ikamrudia kidogo. Kijana mmoja wa miwani akasogea kando yangu, nikafurahi, nikampa tabasamu kubwa, nadhani lilimtisha, kwa sababu kabla wimbo haujaisha alikuwa ameshaondoka.

Lakini macho ya binti hayakukaa kwangu. Kila baada ya ubeti yalikwenda pale kushoto kwangu, patupu, yakarudi. Mimi niliyembeba tumboni nimesimama wima mbele yake na gauni la sherehe, naye anatafuta koti la buluu. Iliniuma kidogo, sitaficha. Kisha nikaona ni haki.

Wakamaliza. Haikuwa aibu wala haikuwa ushindi. Wasichana wawili kati ya wale wa ukutani walikwenda kuwaambia kuwa wamependa wimbo wa tatu, na wenzake binti wakabaki wakikunja nyaya. Binti akanikuta kwenye ngazi, gitaa mgongoni.

"Baba yuko wapi?"

"Si ulimwambia asije?"

"Najua nilimwambia." Akafuta pua kwa kiganja kama alipokuwa mdogo. "Nilidhani atakuja tu, Mama. Nilidhani atasimama hata pale nyuma."

"Baba yako? Miaka yote unaishi naye humjui? Akikwambia sawa, ni sawa. Angekuwa wa kuja, asingeosha kikombe."

Akakaa kwenye ngazi, akalia. Hasira niliyokuwa nimemwekea tangu siku ile mezani nikaitafuta nisiione. Nikakaa naye kwenye vanishi na gauni langu. Siku yake ya kwanza imepita na baba yake hakuiona, na hakuna fundi wa kuirudisha. Alijua hilo. Sikuwa na haja ya kumwambia.

Tukampigia mzee simu. Imezimwa, maana akiwa ukumbini huizima, anasema simu inayolia ni mtu wa pili anayeimba. Mji mzima, kumbi chungu nzima, tutamtafutia wapi? Binti akajifuta uso, akashuka mpaka barabarani, akamwendea kijana wa mlango wa baa ya jirani.

"Samahani kaka," alisema. "Wapi hakuna watu?"

Kijana akamtazama yeye, akalitazama gitaa lake, akaanza kuonyesha kwa kidole. Tulikwenda kwanza kwenye duka la vitabu, tukakuta wako wengi kidogo. Tukapita nyuma ya soko. Kule mwisho, upande wa pili wa mji, kuna ukumbi wa mazoezi ya ngumi, na tamasha lilikuwa limeazima na huo. Nje hakukuwa na foleni. Msichana wa mlangoni alikuwa anasinzia.

Ndani mifuko ya kupigia ngumi ilikuwa imefungwa juu kwenye boriti. Watu wachache walijibana ukutani. Kijana mmoja mwembamba alikuwa anaimba amefumba macho, na mwenziwe nyuma anapiga dramu kama anayetwanga mahindi ya jirani. Wimbo wenyewe, Mungu anisamehe, ulikuwa mbaya. Na mbele, katikati, kidogo upande wa kushoto, ile picha ya friji ilikuwa inatutazama, mikono imefungwa nyuma, haitikisiki.

Binti hakusita hata kidogo. Alivuka sakafu ile na gitaa lake mgongoni, akaenda kusimama ubavuni mwa baba yake. Nikamfuata.

Mzee aligeuka akashtuka. Akamtazama uso mzima, macho mekundu, kila kitu. Ikabidi apaze sauti kuushinda muziki, ndiyo maana na mimi nikasikia.

"Ilikuwaje, mama?"

"Watu walikuwepo, Baba. Ila mbele palikuwa patupu."

Akaanza kumshika mkono. "Twende nje. Twende unieleze yote."

Alimaanisha. Tayari alikuwa amepiga hatua kuelekea mlangoni, mtu ambaye sijawahi kusikia ameacha wimbo wa mtu njiani, uwe mbaya uwe mzuri. Jukwaani yule kijana alikuwa bado amefumba macho. Binti akalivuta koti la buluu kwenye mkono, taratibu, kama mtu anayemrudisha mtoto kwenye foleni.

"Wimbo haujaisha, Baba."

Mzee alimtazama. Akarudi mahali pake, naye binti akarudisha mikono yake nyuma, akasimama vilevile kama baba yake, kichwa hakitikisiki. Mimi nikajipanga upande wa pili, safari hii mbali na spika, maana nilikuwa nimeshajifunza. Kijana akafika mwisho wa ubeti, akafumbua macho ili aitazame sakafu, akatukuta tuko watatu.