Bustani Niliyoiita Pori

Mwanangu, kuna Jumamosi moja pale Arua, kabla mji haujaitwa jiji, ambayo naikumbuka kwa hasira mpaka leo. Na hasira yenyewe ni juu yangu mimi.

Nilikuwa msanifu majengo kijana, nimerudi kutoka masomoni Kampala na suti mpya. Chama kimoja cha sanaa na bustani kiliniomba nitoe mhadhara wa kuchangisha fedha, kijenge ukumbi wa ufumaji ndani ya bustani yake. Bustani hiyo ililimwa na akina mama, wakiongozwa na Mama Zainabu, Mnubi wa Koboko, fundi wa kufuma makawa ya kufunikia chakula.

Nikaonyesha michoro yangu ukutani, wageni wakapiga makofi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nikanogewa, nikasema, "Mahali hapa palikuwa pori tupu! Hapakuwa na kitu mpaka nilipokuja na kalamu yangu."

Mama Zainabu akasimama kule nyuma. "Mwanangu, pori iko wapi? Hii miti nani alipanda? Sisi wamama tulibeba maji kwa kichwa miaka saba."

Badala ya kuona haya, nikamjibu kwa kipaza sauti: "Mama, kaa chini. Wageni hawakuja kukusikiliza wewe."

Watu wakacheka. Naam, walicheka! Watu wazima, wenye mama zao nyumbani. Akina mama wakanyanyuka, wakatoka wote.

Fedha zilipatikana, ukumbi ukajengwa, ukakaa mtupu. Hakuna aliyerudi kufuma, na miche ikakauka. Ndipo nikafunga safari kwenda Koboko, alikorudi kwao Mama Zainabu, na sukari na sabuni mkononi. Mama Zainabu aliitikia salamu yangu, zawadi hakuzigusa.

"Ulinitukana wapi?" akauliza.

"Arua, Mama. Mbele ya watu."

"Basi radhi yako iko Arua. Hapa Koboko umenikosea nini?"

Nikarudi Arua, nikaomba chama kiwaite wageni wale wale, na akina mama pia. Wageni walikuja nusu tu. Nikasimama, nikasema kwamba nilidanganya, nikawataja waliopanda miti ile mmoja mmoja kwa jina. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mama Zainabu akaja mbele, akakaa kiti cha kwanza, akasema, "Sasa endelea. Tuambie habari ya paa la huu ukumbi wako."

Siku hizi nawasikia vijana wenye kompyuta wakiwaambia wafadhili, "Kule hapakuwa na kitu," na damu inanichemka. Hapakuwa na kitu? Na waliolima walikuwa vivuli? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni! Kabla hujachora, mwanangu, uliza nani alitangulia, umtaje. Na ukimvunjia mtu heshima hadharani, usimwombe radhi chumbani.

Mungu akupe kazi ya kuonekana, na macho ya kuwaona wenzako. Amina.