Alama za Masika Edisa

Masika Edisa ana kibanda cha kutengeneza kompyuta mjini Kasese, na ulimi wake hauna breki. Ukimletea mashine iliyolowa chai ukadai imezimika yenyewe, atakuuliza kama chai nayo ilijimimina yenyewe.

Wateja wakipungua, huvuta kiti na kushughulikia mwongozo wa Kiswahili wa mfumo mmoja wa kompyuta, ule wa bure usio na mwenyewe, ambao watu wa kila pembe wanautengeneza kwa kujitolea. Mwongozo nao umeandikwa hivyohivyo, kila mtu na mkono wake. Ndani ya maandishi kuna alama asizoziona msomaji. Moja inasema: hii ni amri, iandike kama ilivyo, nayo hutokea kwa herufi nene. Nyingine inasema: hapa weka neno lako mwenyewe, nayo hutokea kwa herufi za kulala. Sasa mmoja kaweka alama, mwingine kasahau, wa tatu kanenepesha kila kitu kama bango la kampeni.

Mambo hayo yalimfikia kupitia Mwalimu Kataliko, mtu wa Butembo, Kongo, anayefundisha kompyuta Bwera, mpakani, kwenye chumba cha parokia. Mtandao wa kule ni wa kubembeleza, kwa hiyo huchukua mwongozo kwa Edisa kwenye flashi. Siku moja darasa zima liliandika "jina-lako" mahali pa kuweka jina, na kompyuta zote zikaitwa Jina-lako. Edisa alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaanza kusahihisha.

Mwaka huu Siraj, msimamizi wa mwongozo huo aliyeko Jinja, alimwandikia: "Dada Edisa, toleo jipya linafungwa Ijumaa. Ukinyoosha alama za sura zote bila kuvunja kitu, nakupa ruhusa ya kuingiza mabadiliko mwenyewe, bila kunisubiri." Ruhusa hiyo Edisa aliitaka kuliko kitu chochote. Alikuwa amechoka kubisha hodi kwa kila nukta.

Lakini sura zilikuwa nyingi, naye hana subira. Akaunda programu ndogo ya kuweka alama kwa mpangilio: neno la kwanza la mstari ni amri, linalofuata ni la msomaji kuweka lake. Mtu wa kwingine angeshtuka kuona neno linapewa kazi kwa nafasi yake tu. Edisa ni Mkonzo. Kwao binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, wala hakuna anayemuuliza mama. Ukijua amezaliwa wa ngapi umejua jina. Akaiachia programu, ikapita sura zote kabla chai haijapoa. Jumatatu akamtumia Siraj, na Jumanne, siku ya soko, akapeleka flashi Bwera akiwa amejaa maringo.

Kataliko akamkalisha Rachelle, muuza samaki wakavu, mwanafunzi asiyekosa somo. Rachelle akasoma, akaandika kwa kidole kimoja. Mashine ikakataa. Akarudia. Ikakataa tena.

"Mama Edisa, hii kitabu yako iko na wazimu," Rachelle akasema.

"Wazimu uko kwa vidole vyako. Umeandika nini hapo?"

"Nimeandika Rachelle. Si wamesema nitie yangu?"

Edisa akainama kwenye kioo, na maringo yakamtoka. Mstari ule ulianza na neno la kuomba kibali cha mkubwa wa mashine; amri yenyewe ilikuja ya pili. Programu yake ilikuwa imeilaza herufi, na Rachelle mtiifu akaifuta, akaweka jina lake. Mistari ya namna hiyo ilijaa kila sura.

Akawaeleza alivyofanya. Kataliko, ambaye kwao Butembo majina hupangwa vilevile, akapiga meza kwa kicheko.

"Na mapacha wakizaliwa, Masika? Mapacha beko na majina yabo, haiingie kwenye mustari! Ulisahau mapacha?"

"Cheka tu, Mwalimu. Cheka mpaka meno yaanguke."

"Sikia basi. Nyamaza mpaka Ijumaa. Siraj akikupa ruhusa, utatengeneza mwenyewe, mutu hatajua."

Edisa aliliona shauri lile tamu. Akamtazama Rachelle, aliyekuwa bado anafuta jina lake herufi moja moja, akiamini kosa ni lake.

"Na wale wengine watakaolisoma toleo hilo, utawafikia wewe wote uwaambie kosa si lao?" akamwambia Kataliko. Akatoa simu, akamwandikia Siraj: "Futa kazi yangu yote. Nimeivunja mimi."

Jibu likaja: "Imefutwa. Ruhusa basi, tutaongea toleo lijalo. Ukiwahi hata sura moja kwa mkono, lete."

Akakaa Bwera siku zilizobaki, kwenye meza ya Kataliko, akiweka alama neno kwa neno katika sura ya kusakinisha mfumo kwenye mashine. Kila ukurasa Rachelle aliujaribu, na Edisa alikatazwa kufungua mdomo asije akamsaidia, jambo lililomuumiza kuliko kazi yenyewe. Ijumaa mchana mashine ikawaka, ikauliza jina, na Rachelle akaandika lake.

Siraj akaipokea sura. Moja tu.

"Sasa hii," Rachelle akasema, akigeuza kioo kuelekea kwa Edisa. "Ya printa. Yenyewe nayo haieleweki."

"Sogea," Edisa akamjibu, akavuta kiti.